Ushabiki wa timu za nyumbani Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila msimu, barazani, kwenye foleni ya tiketi na ndani ya meli ya Pemba. Saa zote zilizotajwa ni saa za Kiswahili. Jibu likishatolewa mahali pamoja halikurudiwa. Utaelekezwa namba ya swali.

## Kuanza

1. Timu ya nyumbani ni ipi hasa?

Ni ile ambayo ukitoka nyumbani alasiri unaweza kwenda kuitazama ikifanya mazoezi, ukarudi na magharibi. Kwa mtu wa mjini Unguja inaweza kuwa Mlandege, Malindi, Miembeni au mojawapo ya timu za Jang'ombe. Kwa Mpemba inaweza kuwa Chipukizi, Jamhuri, Mwenge au Junguni. Haina lazima iwe Ligi Kuu. Timu ya daraja la chini inayocheza kiwanja cha shehia yako ni timu ya nyumbani pia, na huko ndiko mtu mmoja zaidi anapoonekana.

Ukihama mtaa, huhami timu. Wazee wengi wa Ng'ambo wamejenga huko mashamba, Fuoni au Bububu, na Ijumaa bado wanauliza Mlandege imefanya nini.

2. Ligi za Zanzibar zimepangwaje?

Msimamizi ni Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar, ZFF, ambalo kabla ya 2018 lilijulikana kama ZFA. Juu kabisa ipo Ligi Kuu ya Zanzibar, inayochanganya timu za Unguja na Pemba na kuchezwa nyumbani na ugenini. Si zamani sana Unguja na Pemba zilikuwa na kanda zao. Msimu wa 2017/18, kwa mfano, kila kanda ilicheza peke yake, kisha timu nane bora zikakutana kumtafuta bingwa, na JKU ikachukua. Ligi moja ina gharama kubwa zaidi ya usafiri (tazama swali la 14), lakini ndiyo inayompa mtu wa Wete nafasi ya kuiona KMKM uwanjani kwake.

Bingwa wa Ligi Kuu huwakilisha Zanzibar Ligi ya Mabingwa Afrika. Bingwa wa Kombe la Shirikisho la hapa huenda Kombe la Shirikisho Afrika. Za mkiani hushuka Daraja la Kwanza, na chini yake yapo madaraja mengine mpaka ligi za wilaya na za vijana.

3. "Timu ya kikosi" na "timu ya uraiani" maana yake nini, na mbona watu wanalitia mkazo jambo hili?

Timu ya kikosi ni timu ya chombo cha ulinzi au idara ya serikali. KMKM ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, kinachofanya kazi baharini, na ndiyo maana wanaitwa Mabaharia. JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi. KVZ ni Kikosi cha Valantia. Mafunzo ni ya Chuo cha Mafunzo, kwa maneno mengine magereza. Zimamoto, Polisi na Uhamiaji zinajieleza zenyewe. Kipanga ya Unguja na Hard Rock ya Pemba ni za wanajeshi. Timu ya uraiani ni ya mtaa au ya wanachama.

Mkazo upo kwa sababu tofauti hii inaamua karibu kila kitu. Mchezaji wa kikosi mara nyingi ni mwajiriwa: ana mshahara mwisho wa mwezi hata ligi ikisimama, ana gari la kumpeleka mazoezini, ana pa kutibiwa akivunjika. Mchezaji wa uraiani anavua, anaendesha bodaboda au anauza duka, halafu saa 10 anavaa viatu. Kijana mzuri wa mtaani akipata nafasi ya ajira kikosini anakwenda, na mama yake atamsukuma aende. Usimlaumu.

Angalia orodha ya mabingwa uone uzito wake. KMKM ilichukua ligi misimu mitatu mfululizo, 2020/21, 2021/22 na 2022/23, kisha JKU ikapokea 2023/24. Kabla na baada ya ukuta huo Mlandege, timu ya mtaa, ilikuwa bingwa 2019/20 na tena 2024/25. Ukielewa swali hili ndipo utaelewa kwa nini siku ya ubingwa wa Mlandege watu wazima walilia.

Kuishabikia timu ya kikosi si kosa. Wengi wanaishabikia kwa kuwa baba au kaka yumo kazini humo. Ila timu ya kikosi haifi kwa kukosa mashabiki, na ya uraiani inakufa. Hapo ndipo pesa yako ndogo ina kazi (swali la 20).

4. Je, naweza kuwa Simba au Yanga na wakati huohuo wa timu ya mtaani?

Karibu kila mtu yuko hivyo. Zanzibar nzima imegawika Simba na Yanga tangu enzi za redio, na hakuna anayekutaka uache. Tatizo linakuja siku zikigongana: Mlandege wanacheza Uwanja wa Mao saa 10, na Yanga wapo kwenye televisheni saa hiyohiyo. Rai yetu ni moja na hatuoni haya kuisema: nenda uwanjani. Yanga haitajua kama hukuwepo. Timu yako ya mtaani inahesabu vichwa, na kila kichwa ni kiingilio.

Mojawapo ya hizo mbili ikikutana na ya kwako, kama ilivyokuwa fainali ya Kombe la Mapinduzi ya 2024, Mlandege dhidi ya Simba, chagua mapema na ukae upande uliouchagua. Kuvaa jezi nyekundu na kushangilia bao la Mlandege kunawachanganya waliokaa karibu nawe.

## Siku ya mechi

5. Mechi zinachezwa viwanja gani?

Uwanja mkubwa wa Unguja ni Amaan, uliofunguliwa 1970 na kufunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa mwishoni mwa Disemba 2023. Unaingiza watu wapatao 15,000. Hapo ndipo zilipochezwa mechi za kundi la CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwezi wa Agosti 2025, na ndipo Simba walipomalizia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane tarehe 25 Mei 2025, sare ya 1-1.

Mechi nyingi za kawaida za ligi huchezwa Uwanja wa Mao Zedong, Kikwajuni, wenye viwanja viwili vinavyopakana. Soma ratiba vizuri: Mao A na Mao B si kiwanja kimoja, na kila msimu yupo anayekaa nusu saa nzima akishangaa mbona jezi si za timu yake.

Pemba, uwanja mkuu ni Gombani, Chake Chake. Wete wana Finya. Viwanja vya wilaya havina majukwaa ya maana. Beba kitu cha kukalia.

6. Mpira unaanza saa ngapi hasa, na swala inakuwaje?

Mechi za mchana nyingi huanza saa 10 na kitu, baada ya swala ya alasiri. Hesabu ni nyepesi: dakika 90, mapumziko 15, na dakika chache za nyongeza. Mpira ulioanza 10:15 unamalizika kiasi cha saa 12:05. Miezi ya Juni na Julai jua linazama mapema, kwenye saa 12:15, kwa hivyo kiwanja kisicho na taa hakina nafasi ya kuchelewa. Timu mgeni ikichelewa nusu saa njiani, mpira unaweza kumalizika gizani au usimalizike kabisa.

Uswali alasiri kabla ya kuingia, usitegemee kutoka na kurudi. Mlango ukishafungwa utabishana na mlinzi. Adhana ikilia, ngoma na matarumbeta hukaa kimya mpaka imalizike. Hili halijaandikwa ukutani popote na halina mjadala.

Ramadhani mechi hupungua, husimama, au huhamia usiku baada ya tarawehe. Ratiba ya mwezi huo isome kila wiki upya.

7. Tiketi inapatikanaje, na nikae jukwaa gani?

Kwa mechi ya kawaida ya ligi unalipa mlangoni. Beba pesa ndogondogo: anayeuza tiketi hana chenji ya noti ya elfu kumi watu wakiwa ishirini nyuma yako. Kwa mechi kubwa za Amaan, nunua siku mbili au tatu kabla kwa njia iliyotangazwa, na usinunue kwa mtu aliyesimama nje na tiketi mkononi. Tiketi ikishasomwa na mashine mara moja haisomwi tena, na anayeuziwa nakala hujikuta nje akisikia kelele za bao.

Amaan majukwaa yana majina yake: VIP, Saa, Urusi, Orbit. Hakikisha jina lililoandikwa kwenye tiketi ndilo la mlango unaoungia foleni, kwani kuzunguka uwanja mzima dakika tano kabla ya mpira ni kukosa mwanzo. Jioni jua linapigia macho waliotazama magharibi. Ukiweza kuchagua, kaa na jua mgongoni, au vaa kofia yenye ukingo. Anayetaka kuona mpangilio wa timu akae juu, usawa wa katikati. Anayetaka kuimba akae na kundi, nyuma ya goli au lilipo kundi siku hiyo.

8. Nibebe nini?

Maji kwenye chupa laini, maana chupa za kioo na makopo huachwa mlangoni. Kofia. Simu iliyojaa chaji. Mfuko mdogo wa plastiki wa kufungia simu mvua ikinyesha. Nauli ya kurudia uiweke mfuko mwengine, mbali na pesa ya kula. Usibebe kisu cha kumenyea machungwa, hata kama nia yako ni machungwa. Chakula kipo nje na pembeni: mishikaki, urojo, kachori, karanga, juisi ya miwa. Urojo ule kabla hujaingia. Bakuli la urojo na bao la dakika ya 88 havikai pamoja.

9. Je, wanawake na watoto wanakuja?

Wanakuja, na wanazidi kila mwaka. Chagua jukwaa lenye viti na choo kinachofanya kazi, ingia mapema, na ukae karibu na ngazi ili mtoto akitaka kutoka msikanyage watu kumi. Mtoto mwandikie namba ya simu ya mzazi mkononi kwa kalamu. Ukitukanwa au kuguswa, mwite msimamizi wa jukwaa hapohapo. Kundi la mashabiki linalojiheshimu humtoa mtu wa aina hiyo lenyewe.

Ligi ya wanawake nayo ipo, na timu kama JKU Princess na New Generation Queens. Umri wa mpira wa wanawake hapa ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani: Women Fighters walikuwa wakicheza tangu miaka ya themanini, wakati kumwona msichana na mpira ilikuwa kesi ya familia.

## Kushangilia

10. Ngoma yetu inalegea na kutoa sauti ya gunia. Tufanyeje?

Ngozi inanyonya unyevu, na hapa kisiwani unyevu hauishi. Iwambe upya kwa moto wa makuti makavu: shika ngoma umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye ndimi, ngozi ikiutazama moto, na uizungushe bila kusimama kwa dakika tatu mpaka tano. Piga kwa kidole kila dakika. Sauti ikianza kulia kavu, acha. Kosa la kawaida ni kuisogeza karibu ili iwahi. Ngozi inakauka upande mmoja, inapasuka kwenye ukingo, na hakuna fundi wa kuiunga. Moto uwashwe nje ya uwanja, mbali na magari.

Mvua ya vuli ikiwa hewani beba ngoma moja yenye ngozi ya plastiki. Sauti yake si tamu lakini haibadiliki.

Mpigaji mmoja aongoze, wengine wamfuate. Ngoma tatu zenye viongozi watatu ni kelele, na wachezaji hawasikii wimbo ndani yake. Mchezaji akiwa amelala chini ameumia, nyamazeni, awe wenu au wa wenzenu.

11. Bango linasomeka likiwa karibu, lakini kutoka jukwaa la pili halionekani. Tatizo nini?

Herufi ndogo na rangi dhaifu. Kipimo kinachofaa ni sentimita 1 ya urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Kutoka jukwaa hadi jukwaa la pili ni kama mita 90 hadi 100, kwa hivyo herufi ziwe na sentimita 30 angalau, na unene wa mstari sentimita 6. Kwa bango la mita 1 kwa 4, hiyo ni nafasi ya herufi kumi na sita hivi pamoja na nafasi za kati. Andikeni maneno mawili, yasizidi matatu. Methali nzima haiingii.

Kitambaa kizuri ni mrekani mweupe au shuka nzito. Tumieni rangi ya maji ya ukutani, sehemu tatu za rangi kwa moja ya maji, tabaka mbili, na mlaze bango siku nzima likauke. Rangi ya mafuta inang'aa zaidi, ila ikikunjwa hupasuka na juani hujigandisha yenyewe kwa yenyewe. Mkija kulikunjua uwanjani herufi zinabanduka. Nyeusi au buluu iliyokoza juu ya nyeupe inasomeka. Njano juu ya nyeupe haisomeki hata kama ndiyo rangi ya klabu. Ipeni ukingo mweusi.

Upepo ndio adui wa pili. Bango la mita nne bila matundu ni tanga la dau. Kateni vitundu vya nusu mwezi, upana wa kiganja, viwili kwa kila mita, na pindeni ukingo mara mbili kabla ya kutia pete za chuma kila nusu mita. Fungeni kwa kamba ya nailoni. Msilifunge juu ya mabango ya wadhamini, kwa sababu litaondolewa kabla ya mpira kuanza, na wanaoliondoa watakuwa na haki. Mkimaliza, lizungusheni kwenye bomba la plastiki, msilikunje.

Kwa bendera ya mkononi, tumieni bomba jembamba la plastiki la nusu inchi badala ya mwanzi au mti. Mwanzi hukatazwa mlangoni karibu kila mara, na ukivunjika unakuwa na ncha.

12. Jezi niinunue wapi, na mbona namba inabanduka?

Inunue kwa klabu yenyewe au kwa mtu ambaye klabu imemtangaza. Ya barabarani inaweza kuwa nusu bei, na hakuna hata senti moja inayofika kwenye timu. Kama klabu haina jezi za kuuza, na za uraiani nyingi hazina, kundi la mashabiki linaweza kuagiza kwa idhini ya uongozi. Chukueni malipo kamili kabla ya kuagiza, maana watu thelathini hujiandikisha na kumi na tano huja kuchukua. Ombeni sampuli moja kwanza, muifue mara tatu, ndipo muagize zilizobaki.

Namba hubanduka kwa mambo matatu: pasi ya moto juu yake, maji ya moto, na jua kali. Fua kwa maji ya baridi ukiwa umeigeuza nje ndani, anika kivulini, na usipige pasi upande wenye namba.

13. Utani unaishia wapi?

Unaishia kwenye mama, dini, rangi, na kisiwa. Mtanie mtu kwa mabao aliyofungwa mpaka kahawa ipoe. Huo ni utani wa haki, na kesho yake atakulipa. Kumwambia mtu maneno ya Uunguja na Upemba si utani. Watu wa visiwa hivi wameumizana vya kutosha kwa hilo, na jukwaa si pahala pa kulifufua. Kumrushia refa chupa ni adhabu kwa timu yako: faini au mechi bila watazamaji, na klabu ya uraiani inaweza kumalizia pesa ya msimu kwenye faini moja.

## Kusafiri na timu

14. Tunakwenda Pemba (au tunakuja Unguja). Tupangeje safari?

Anzeni na meli, si na mechi. Ratiba za meli hubadilika, na si kila siku ipo. Meli ya usiku hukufikisha alfajiri, na mna mchana mzima kabla ya mpira. Boti ya mchana ni ya haraka ila ikiahirishwa mmekosa kila kitu. Kwa kundi kubwa tunashauri kufika siku moja kabla. Tiketi hukatwa kwa jina, kwa hivyo kila mtu awe na kitambulisho chake mkononi, si kwenye begi la mwenziwe.

Boti za Pemba nyingi hushukia Mkoani. Kutoka hapo gari namba 603 inakwenda Chake Chake, na Gombani iko nje kidogo ya mji. Wanaokwenda Wete wapande 606 kutoka Chake. Jioni gari hupungua haraka. Mpira ukimalizika saa 12 msitegemee daladala kwa watu thelathini (tazama swali la 15).

Bahari: mkondo wa Nungwi ni mkali, na kusi likiwa limekaza, katikati ya mwaka, hata baharia anatapika. Kuleni chakula chepesi, kaeni katikati ya chombo, nje kwenye hewa, mkiangalia upeo. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kuondoka, kwani ukishaanza kutapika haisaidii.

Na hili tunaliomba kwa moyo wote: msipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama fainali ni kesho. Mv Spice Islander I ilizama mkondo huohuo usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikielekea Pemba na watu wengi kuliko uwezo wake. Familia nyingi za visiwa hivi zilizika. Mechi itachezwa na nyinyi hampo, rudini nyumbani.

15. Kukodi gari la mashabiki, bei igawanywe vipi?

Igawanyeni kwa watu waliokwisha kulipa, si kwa walioahidi. Tuseme mmepatana 150,000 na mnategemea watu 25: kila mmoja ni 6,000. Watano wasipotokea, waliobaki wanatakiwa 7,500, na hapo ndipo ugomvi unapozuka njiani. Toka mwanzo gawanyeni kwa 20, mchukue 7,500 kwa kila mtu, na ziada ikipatikana iwe ya maji na dharura. Kufunga michango iwe siku tatu kabla.

Na dereva andikianeni mambo manne: saa ya kuondoka, saa ya kurudi na muda atakaosubiri, nani anatia mafuta, na nani anagharamia tairi likipasuka. Mlipeni nusu asubuhi na nusu mkisharudi. Aliyelipwa yote mapema huonekana ana safari nyengine saa 12 kamili. Mtu mmoja awe na orodha ya majina na simu, na ahesabu watu kabla gari haijang'oa, kwenda na kurudi.

## Mapinduzi na Zanzibar Heroes

16. Kombe la Mapinduzi lina nini mpaka kila mtu analizungumza?

Linachezwa kila Januari kuadhimisha Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na kwa umbo lake la sasa lilianza 2007. Klabu za Bara na za nje huja, na kwa miaka mingi zilibeba kombe na kuondoka nalo: Azam, Simba, Yanga, Mtibwa, hata KCCA na URA za Uganda. Miembeni walilitwaa 2009, kisha ukapita ukame wa miaka mingi kwa timu za visiwani. Mlandege wakauvunja Januari 2023 kwa kuifunga Singida Big Stars 2-1, na mwaka uliofuata wakaifunga Simba 1-0. Mara mbili mfululizo, timu ya mtaa.

Januari 2025 lilichezwa na timu za taifa, na fainali ikapelekwa Gombani. Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, waliifunga Burkina Faso 2-1. Aliyekuwepo Pemba usiku ule hahitaji kuelezwa kwa nini fainali zisiwe za Amaan peke yake.

17. Kwa nini Zanzibar Heroes hawachezi kufuzu Kombe la Dunia?

Kwa sababu Zanzibar si mwanachama wa FIFA, ambayo kwa kawaida hutaka nchi inayotambuliwa kimataifa kuwa huru. Kwenye Muungano kiti ni cha Tanzania. Machi 2017, Addis Ababa, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Miezi minne baadaye, Rabat, uanachama huo ukafutwa. Kwa hivyo Heroes hucheza mashindano ya CECAFA, yaani ya Afrika Mashariki na Kati, na ya kualikwa, na Wazanzibari wenye uwezo huitwa Taifa Stars.

CECAFA ndiko kwenye kumbukumbu zetu. Ubingwa wa Kombe la Chalenji la CECAFA ulikuja 1995, nchini Uganda. Disemba 2017 Heroes walifika fainali Machakos, wakatoka 2-2 na wenyeji Kenya, wakafungwa kwa penalti 3-2. Kocha alikuwa Hemed Suleiman "Morocco", ambaye baadaye alikuja kuifundisha Taifa Stars.

18. Mbona klabu zetu zinatolewa mapema Afrika?

Sababu zinajulikana. Mechi za awali huangukia Agosti au Septemba, ambapo ligi yetu imelala na wachezaji hawana mechi miguuni, wakati wapinzani wameshaweka kambi. Klabu hukosa nauli, na zipo zilizolazimika kucheza mechi zote mbili ugenini. Na wachezaji bora huondoka baada ya msimu mzuri (swali la 19). Haikuwa hivi siku zote: enzi za Ligi ya Muungano, KMKM walikuwa mabingwa 1984 na Malindi 1989 na 1992, mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Shabiki anaweza kusaidia kitu kimoja: mechi za kirafiki za Julai zihudhurie na ulipe kiingilio, kwa sababu hizo ndizo zinazogharamia kambi.

## Maswali magumu

19. Mchezaji wetu bora amechukuliwa na timu ya Bara. Nifurahi au nisikitike?

Vyote viwili, lakini kwanza uulize klabu imepata nini. Feisal Salum alipita JKU, Ibrahim Hamad "Bacca" alitoka KMKM kwenda Yanga. Njia hiyo ni ya kawaida na ni fahari. Uchungu uko pale kijana anapoondoka bila karatasi. Klabu iliyomlea mchezaji ina haki ya fidia pale tu ilipomsajili ipasavyo na kutunza kumbukumbu zake tangu utotoni. Klabu nyingi za mitaa hazina hata daftari. Shabiki mwenye kompyuta na saa mbili kwa wiki anaweza kuifanyia timu yake kazi kubwa kuliko mpiga ngoma.

20. Sina pesa nyingi. Nitaisaidiaje timu ya uraiani?

Lipa ada ya uanachama, hata kama ni ndogo, na udai risiti. Pesa isiyo na risiti huzaa fitina, na fitina imeua klabu nyingi kuliko kushuka daraja. Lipa kiingilio hata kama unamjua mlinzi. Baada ya hapo uliza kinachokosekana wiki hii. Mara nyingi ni kitu cha kushikika: mipira miwili, maji ya mazoezi, bandeji, nauli ya golikipa anayetoka shamba. Watu kumi wakigawana vitu hivyo kwa zamu, timu inapumua.

21. Tumeshuka daraja. Tuendelee?

Ndiyo. Msimu wa kwanza wa daraja la chini ndio wenye hatari: wadhamini wanaondoka, wachezaji wanaondoka, na mechi zinahamia viwanja visivyo na jukwaa. Kundi la mashabiki likivunjika mwaka huo, klabu huchukua miaka kurudi, na nyengine hazirudi kabisa. Punguzeni matumizi ya kundi, acheni safari za mbali, lakini mechi za nyumbani msikose hata moja.

22. Nimeombwa mchango wa "kamati ya ufundi". Nitoe?

Jina zuri, kazi yake ni uganga. Usitoe. Pesa hiyo haina risiti, haina hesabu, na mara nyingi ni kubwa kuliko ya chakula cha wachezaji. Ukisha kutoa mara moja, timu ikifungwa wataambiwa wachezaji kuwa kuna msaliti, na mtu asiye na hatia atatolewa kikosini. Sema kwa upole kwamba mchango wako ni wa mipira, na uutoe kweli.

23. Mtaa wetu una timu mbili. Niende wapi?

Jang'ombe wanalijua hili: Taifa ya Jang'ombe na Jang'ombe Boys, nyumba moja inaweza kuwa na wa huku na wa kule. Fuata ulikolelewa, au alikocheza ndugu yako. Siku wanapokutana, kaeni majukwaa tofauti, futari au chakula cha usiku mle pamoja.

24. Mashindano ya mitaani kama Yamle Yamle yanajaza watu kuliko ligi. Tuyachukie?

Hapana. Yanajaza kwa sababu yako karibu, yana kelele, na kila mtaa unajiona. Ligi inaweza kujifunza hapo. Angalizo ni kwa wachezaji waliosajiliwa: akivunjika goti kwenye bonanza, klabu yake haimtibu na waandaaji hawamtibu. Akikuuliza, mwambie apate ruhusa ya klabu kwa maandishi kwanza.

25. Na mpira wa magongo?

Zamani ulichezwa viwanja vya Mnazi Mmoja, jirani na kriketi, na wapo wazee wanaoukumbuka. Ligi ya kulipwa ya magongo hapa haipo. Ukibahatika kuuona unachezwa, mambo mawili yatakusaidia kuufuata: timu ni watu kumi na mmoja kama soka, na mpira hauruhusiwi kupigwa kwa upande wa mviringo wa gongo, kwa hivyo mchezaji anayeonekana kujizungusha bila sababu anautafuta upande bapa. Siku hizi mchezo ni robo nne za dakika 15.